Fizikia ya Mwaka Mzima

Ninyi wawili mnaobaki kwenye meza ya fomu, dukani kwa Dada Nomsa, mliniomba niandike ninachokijua, kwa sababu nikianza kusimulia mteja anaingia na habari inakatika katikati. Basi nimeandika. Someni siku ambayo umeme umekatika, na kwa Johannesburg siku hiyo haiko mbali.

Miaka minne, kuanzia mwisho wa 2015 hadi mwisho wa 2019, ndiyo kazi ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliishia darasa la saba Morogoro. Sikufukuzwa, wala nyumbani hakukuwa na shida kubwa. Niliona lori linapakia kwenda Iringa nikataka kujua Iringa kukoje. Tangu hapo nimepiga lipu, nimeuza vitabu vilivyotumika, nimelinda maghala. Huku nilikuja kwa kumfuata dada yangu, aliyeolewa na mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyerudi kwao, na kwa muda nikasafisha mabanda ya farasi wa mashindano kule Turffontein. Kuhusu vyeo sina la kusema. Duka lina viti vitatu na vyote vina urefu mmoja.

Niliingia dukani kwa Dada Nomsa kutoa kopi ya kitambulisho changu. Kwenye kaunta palikuwa na kitabu kinene cha chuo kikuu, kile kinachotolewa kila mwaka kueleza masomo ya kila kitivo, nikakifungua wakati mashine inapata moto. Kopi yangu ikatoka, nikaendelea kusoma. Watu wakaja wakaondoka. Mchana wote ulipokwisha, Dada Nomsa akaniuliza kama nimekuja kununua au kusoma.

"Nasoma tu," nikasema.

"Unaelewa?"

"Nusu."

"Nusu inatosha kuanzia. Njoo kesho saa mbili."

Mnamjua Dada Nomsa, lakini pengine hamjui alikotoka. Alizaliwa Morogoro, wazazi wake wakiwa uhamishoni, na Kiswahili chake ni kisafi kuliko changu. Mimi nimekichafua njiani. Kabla ya kufungua duka alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya udahili ya chuo kikuu, upande ule wa dirisha ambao wateja wetu hawauoni. Alijua fomu inavyosomwa na mtu aliyechoka mwenye fomu nyingine mia mezani. Ndiyo sababu watu walikuwa wanatoka Yeoville, wanatoka Rosettenville, wanapita maduka mangapi ya mtandao, wanakuja kupanga foleni kwetu Joubert Park chini ya kanisa ambalo lilipiga ngoma kila Ijumaa mchana.

Siku ya kwanza alinipa karatasi ya ukimbizi ya mama mmoja wa Bukavu niiskani. Ilikuwa imekunjwa mara nane na kukaa kifuani miaka miwili. Picha ilitoka na mistari kama ramani ya mito. Dada Nomsa hakunikemea. Alinionyesha jinsi ya kuilaza karatasi ya namna hiyo chini ya vitabu viwili kwa saa moja, huku mteja ameketi na kuiona, maana hakuna mtu atakayekuachia karatasi hiyo akaenda zake. Siku hiyohiyo nikajifunza habari ya majina. Mkongomani ana majina matatu na fomu ina visanduku viwili. Msimuulize mtu jina la ukoo ni lipi, atawajibu kwa heshima na atawajibu tofauti kila mara. Andikeni kama karatasi ilivyoandika, hata kama karatasi imekosea. Makosa yanayofanana kote yanapita. Usahihi wa sehemu moja ndio unaorudisha fomu.

Kifaa chake kikuu kilikuwa rula ya plastiki ya njano. Aliiweka chini ya mstari anaousoma katika kile kitabu cha chuo na hakuishusha mpaka mstari umeisha hadi ukingoni mwa ukurasa, pamoja na tarakimu zote. Mimi niliona ni mambo ya kizee. Nilisoma haraka, niliruka, nilirudi, nilikula kurasa kama karanga. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa najua vyuo vyote vya nchi hii vinavyofundisha udaktari, vinavyofundisha uuguzi, hata kimoja kinachofundisha utengenezaji wa mvinyo. Jumapili nilikwenda kutembea kwenye viwanja vya chuo cha mjini, nikasoma mabango ya milango yote iliyoniruhusu kusogea. Wateja wakaanza kuniita Profeseri. Sikuwakataza.

Udaktari ndio ulioleta watu wengi na ndio ulioliza watu wengi. Wageni wengi hawajui kwamba huku mtoto anaomba udaktari moja kwa moja akiwa darasa la mwisho la sekondari, matriki. Mlango huo ni mwembamba. Ukikupita, kuna mlango wa pili: unasoma kwanza shahada nyingine, ukifanya vizuri unaomba udaktari kama mhitimu. Kwa hiyo swali kubwa kwenye meza yetu kila Januari, matokeo yakishatoka na majibu ya kukataliwa yakishafika, ni hili: aende chuo kipi, asome shahada ipi, ili mlango wa pili usimfungie? Nitawaeleza mara moja niliyokosea jibu.

Papa Kasongo ni fundi cherehani, mtu wa Lubumbashi, ana chumba ghorofa ya pili katikati ya mji ambako anashona suti za harusi na majoho ya kwaya. Katikati ya 2016 alikuja na binti yake Solange, aliyekuwa matriki. Alivaa koti alilolishona mwenyewe, akaweka ripoti ya shule mezani kwa mikono miwili.

"Profeseri, angalia. Hesabu iko na sabini na mbili. Mu Lubumbashi, na sabini na mbili unabebwa pa mabega."

Na alisema kweli. Kwao sabini ni alama ambayo mwalimu anaitoa kwa shingo upande, na anayepata hamsini na tano anafanyiwa sherehe. Tena kwao, alivyonieleza, anayetaka udaktari anaandikishwa tu, mwaka wa kwanza ukumbi unajaa mpaka madirishani, halafu mitihani ndiyo inayopunguza watu. Huku wanapunguza watu kabla hawajaingia. Nilimweleza kwamba kwa udaktari wa hapa sabini na mbili ni ya kuungaunga, na kwamba tuandike chaguo la pili. Akakataa. Alisema tukiandika la pili watajua tumeogopa, na wakijua tumeogopa watatupa lile la pili.

Solange ni mtoto wa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na baba yake akiwa karibu alikuwa hajibu kabisa. Nilipomuuliza kando kwa nini udaktari, alinieleza kwamba tangu ana miaka tisa alikuwa anatolewa shuleni kwenda kuwatafsiria wamama wa jengo lao kliniki. Mama anasema kinachomuuma kwa Kiswahili, Solange anamwambia nesi kwa Kiingereza au Kizulu, nesi anajibu, Solange anarudisha. Alisema alichoka kubeba maneno asiyojua maana yake. Mara moja alimtafsiria jirani habari mbaya bila kujua kwamba ni mbaya, mpaka alipoona uso wa yule mama.

Tuliomba udaktari vyuo vitatu, bila chaguo la pili. Vyote vitatu vilikataa.

Januari 2017 walirudi. Matokeo yake yalikuwa yamepanda, mazuri kwa shahada karibu yoyote isipokuwa ile aliyoitaka. Nafasi zilizobaki za kuchelewa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa chuo cha mjini, shahada ya sayansi za afya, umbali wa kutembea kutoka kwao, jengo likitazamana na la udaktari. Ya pili ilikuwa chuo cha mkoa wa mbali, mji mdogo wa basi la siku nzima, shahada ya sayansi ya kawaida: kemia, biolojia, fizikia.

Papa Kasongo hakuhitaji kufikiri. Mtoto akishaingia ndani ya geti, alisema, mengine yatapangwa ndani. Watamzoea, watamwona ana akili, watamhamisha. Nilijua kwamba huku hahamishwi mtu kwa kuzoeleka. Lakini na mimi nilikitaka kile cha mjini. Nilikipenda kwa miguu yangu mwenyewe, kwa Jumapili zangu. Nilifungua kitabu mbele yao, nikatafuta masharti ya mlango wa pili: kemia, biolojia, fizikia, anatomia. Nikafungua ukurasa wa shahada ya sayansi za afya: kemia ipo, biolojia ipo, fizikia ipo, anatomia ipo. Nikakifunga kwa kishindo kidogo, kama hakimu.

"Aende mjini," nikasema. "Masomo yote yapo."

Solange aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika.

Mwaka na nusu ulipita. Nilimwona mara mojamoja kwenye roboti, yaani taa za barabarani, pale bustanini akisubiri kuvuka, begi mgongoni, akinipungia mkono. Alikuwa anafaulu vizuri sana. Papa Kasongo alinishonea kizibao, na nilikivaa.

Katikati ya 2018 alikuja kijana wa Kigoma kuuliza swali lilelile la shahada ileile. Siku hiyo miwani yangu ilikuwa imevunjika, herufi zilikuwa zinaogelea, hivyo nikaazima rula ya njano ili nisipoteze mstari. Nikasoma taratibu kwa sababu sikuwa na namna nyingine. Nikafika kwenye fizikia, na rula ikanipeleka mpaka ukingoni, kwenye tarakimu ndogo ambazo huwa naziruka. Ni uzito wa somo, yaani linafundishwa kwa muda gani. Nikaenda kwenye masharti ya mlango wa pili, nikasoma mpaka ukingoni pia. Mlango ulitaka fizikia ya mwaka mzima. Shahada ilikuwa inafundisha ya nusu mwaka.

Nikatafuta kitabu cha mwaka ule wa 2017 kwenye rafu, nikitumaini wamebadilisha baadaye. Hawakubadilisha. Ilikuwa hivyohivyo siku nilipokifunga kwa kishindo. Ile shahada ya mbali, ya mji mdogo, ilikuwa na fizikia ya mwaka mzima na ziada.

Nilikaa na jambo hilo tangu asubuhi mpaka saa ya chakula. Lazima niwaambie ukweli kwamba niliwaza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Angekataliwa mwishoni mwa 2019, barua haielezi sababu, na baba yake angesema ni kwa sababu ya jina la kigeni. Watu wengi wangeamini. Dada Nomsa aliona sijagusa ugali wangu akaniuliza farasi gani amekufa. Nikamwonyesha kurasa mbili. Alizisoma kwa rula, zote mbili, ingawa alikwisha kuelewa.

"Nenda ukawaambie leo," alisema. "Kwa miguu. Usipige simu."

"Watanifukuza."

"Wakufukuze. Yule mtoto bado ana mwaka na nusu. Kesho atakuwa na mwaka na nusu kasoro siku moja."

Nilikwenda. Papa Kasongo alikuwa anapiga pindo la joho la zambarau na Solange alikuwapo, amekaa juu ya mabunda ya vitambaa na daftari magotini, kwani vyuo vilikuwa vimefungwa. Nilibaki nimesimama. Nilieleza kwa ufupi: kwamba nilisoma jina la somo sikusoma uzito wake, kwamba kwa shahada ile, kama ilivyo, mlango wa pili hautamfungukia, na kwamba kosa ni langu, si la chuo wala si lake.

Cherehani iliendelea mpaka mwisho wa pindo. Akakata uzi.

"Wewe ulisoma mpaka darasa la ngapi?" akaniuliza.

"La saba."

Akalikunja lile joho. "La saba," akasema. "Na minakuita Profeseri mbele ya batu."

Akasema mengine, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwao na Kifaransa, na sitayaandika kwa sababu nilistahili. Alisema alimtoa mtoto Kongo akiwa tumboni mwa mama yake ili asiamuliwe maisha na mtu asiyejua kitu, na sasa amempeleka mwenyewe kwa mtu huyo, tena akamshonea kizibao.

Solange ndiye aliyemkatiza. Alifunga daftari akasema, kwa Kiswahili, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akikitumia mbele ya baba yake: "Eish, Papa, acha. Tonton," akanigeukia, akiniita mjomba kwa Kifaransa, "fizikia yenyewe inaweza kusomwa wapi?"

Hilo lilikuwa swali la kazi, na swali la kazi huwa naliweza. Kesho yake saa mbili tulikuwa mezani watatu, Dada Nomsa katikati. Kuhamia chuo cha mbali kungempotezea mwaka mmoja, pengine miwili. Kuongeza fizikia palepale mjini hakukuwezekana. Ratiba iligongana na anatomia. Ikabaki njia moja: chuo cha masomo ya mbali, ambacho unasomea nyumbani na kufanya maabara wiki mbili za likizo. Nusu ya kwanza mwishoni mwa 2018, nusu ya pili mwanzoni mwa 2019. Lakini je, kitivo cha udaktari kingeikubali fizikia ya namna hiyo? Hapo nilipiga simu, na hakuna mtu katika miaka minne aliyewahi kunisikia nikiuliza jambo moja kwa namna nyingi kiasi kile. Nilipigia vyuo vitatu. Nilipojibiwa ndiyo, niliomba jina la anayenijibu na niliomba aniandikie. Mmoja aliniuliza mimi ni baba wa mwanafunzi. Nilimwambia mimi ndiye niliyekosea. Akaandika barua siku hiyohiyo. Viwili vilikubali kwa maandishi. Cha tatu hakikujibu, tukakiacha.

Zingatieni hilo la maandishi. Ndiyo sababu kabati la kushoto limejaa. Kila faili lina karatasi inayosema nani alijibu nini, na mteja ana kopi yake.

Mwaka uliofuata Solange alisoma masomo mawili kwa pamoja. Alikuwa anakuja dukani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya vipindi, kwa sababu kwao wanalala saba chumba kimoja na kwetu kulikuwa na meza. Nilikuwa nafungua mapema. Hatukuzungumza sana. Wakati mwingine aliniomba nishike kamba na mpira ili aone mwendo wa kitu kinachobembea, na mimi nikataka kujua kwa nini unabembea sawasawa hata ukipungua nguvu, na dakika kumi zikapotea. Akanikataza kuuliza maswali kabla ya saa moja. Papa Kasongo hakunisemesha mwaka mzima. Tulipokutana ngazini alinipa mkono kama mtu anayepima kitambaa asichokusudia kununua.

Fizikia alifaulu, nusu zote mbili. Tukatuma maombi kwa vile vyuo viwili katikati ya mwaka 2019, safari hii nikiwa na rula na yeye akiwa na kitabu, tukisomeana. Chuo cha mjini kilimkataa Oktoba. Alama zake zilitosha, sharti la fizikia lilitimia, nafasi za wahitimu zilikuwa chache tu. Yeye alipokea kwa utulivu kuliko mimi. Novemba, siku ya Jumanne, alikuja na baba yake nikiwa nimeshaanza kukusanya vitu vyangu ili niache kazi; nilikuwa na miaka sitini na minne na magoti hayataki tena ngazi. Jibu la chuo cha pili, kile cha pwani ya mashariki, lilikuwa limeingia kwenye simu yake usiku. Amepewa nafasi. Alitakiwa akubali au akatae ndani ya siku kumi.

Papa Kasongo aliniomba niisome barua, kwa sauti, kwa Kiswahili. Nilimwambia ni vizuri aisome Solange. Akamgeukia binti yake. Solange akaisoma yote, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na palipomshinda baba yake alimsaidia neno. Alipomaliza, mzee aliniuliza mimi.

"Ni muzuri? Huko pwani? Tukubali?"

Neno ndiyo lilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa najua chuo kile, nilikuwa nimesoma habari zake miaka minne, nilikuwa hata na maoni juu ya maktaba yake.

"Mimi sijui, Papa Kasongo," nikasema. "Muulize atakayesoma."

Nikainuka, nikampisha Solange kwenye kiti changu. Hakubonyeza kukubali. Alifungua kwanza kitabu cha kitivo cha chuo kile, ukurasa wa mwaka wa kwanza kati ya sita ya udaktari, akaweka rula chini ya mstari, akaanza kusoma mpaka ukingoni. Kisha mwaka wa pili. Foleni ikarefuka mpaka mlangoni. Mteja mmoja aliyekuja kuchapisha karatasi moja tu aliniuliza kama huyo dada anasoma Biblia yote au atatuachia kurasa.

Nikamwambia asubiri, bado miaka minne.